Aliyeruka Hakuwa Peke Yake: Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Kung Fu

Miezi michache iliyopita mama mmoja kutoka Uyole aliniletea mwanawe wa kidato cha pili, mkono wa kulia ukiwa umefungwa hogo kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko. Kijana alikuwa ameruka kutoka juu ya tanuri la matofali, kimo cha mita tatu au nne, mbele ya wenzake waliokuwa wakimrekodi kwa simu, na alipoona ardhi inamjia akatanguliza kiganja. Nilipomwuliza ni nani aliyemfundisha kuruka vile, alinijibu kwa heshima kabisa: "Mwalimu, Jackie Chan anaruka mwenyewe, hatumii mtu mbadala." Mama yake naye akaongeza: "Mwalimu, nakuomba umfundishe vizuri, ili akiruka tena asiumie."

Maneno hayo ya kijana nimeyasikia mara nyingi mno katika miaka 18 niliyofundisha judo na karate hapa Mbeya. Nimeyasikia kwa wanafunzi wa Iyunga, kwa vijana wa bodaboda wa Mwanjelwa, na hata kwa mzazi mmoja msomi aliyetoka Iringa kuja kumwandikisha binti yake. Mimi mwenyewe nilizipenda filamu hizi tangu utotoni, nikiwa nimebanwa kwenye benchi la kibanda umiza huku umati ukipiga kelele kwamba stelingi hafi, na bado nazipenda. Kwa sababu hiyo inaniuma kuona kazi ya watu wengi, iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa, ikigeuzwa kuwa ushujaa wa mtu mmoja ambao kila kijana mwenye moyo mgumu anaweza kuuiga baada ya kutoka shuleni.

Dhana hii ya kwamba stelingi hufanya kila kitu mwenyewe, bila msaada na bila ujanja, ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni vigumu kuing'oa. Ni kweli kwamba Jackie Chan alining'inia kwenye mshale wa saa ya mnara na kujiachia katika filamu ya Project A ya mwaka 1983, na ni kweli kwamba aliteleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa za umeme katika Police Story ya mwaka 1985, akaungua viganja na kuumia mgongo. Hayo hakuna anayeyakana. Kinachoachwa nje ya simulizi ni yale yaliyotangulia. Jackie Chan alizaliwa mwaka 1954, na akiwa na umri wa miaka saba hivi alikabidhiwa kwa mwalimu Yu Jim-yuen, aliyekuwa na shule ya kufundisha opera ya Peking, yaani maigizo ya jadi ya Kichina yenye nyimbo na sarakasi, mjini Hong Kong. Alikaa huko takriban miaka kumi, akijifunza sarakasi, kusimama kwa mikono, kuimba, kutumia silaha za jukwaani na kuanguka, chini ya nidhamu kali ya viboko ambayo mimi siipendekezi kwa mtoto yeyote. Sammo Hung na Yuen Biao, ambao watazamaji wetu wanawafahamu kwa sura hata wasipowajua kwa majina, walilelewa katika shule hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeteleza kwenye ile nguzo alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kuanguka mwilini mwake, wakati kijana wangu wa Uyole alikuwa na mchana mmoja.

Hata akiwa na miaka yote hiyo, hakuruka juu ya ardhi tupu. Alipoanguka kutoka kwenye mnara wa saa alipita kwanza katikati ya maturubai mawili ya kivuli, ambayo kazi yake ilikuwa kumpunguzia kasi kabla hajafika chini. Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu fupi, maana ndiyo ninayoichora ubaoni kila ninapopokea wanafunzi wapya. Mtu anayeanguka kutoka mita nne hufika chini akiwa na mwendo wa kilomita 32 kwa saa, karibu sawa na bajaji inayokwenda vizuri barabarani. Mwendo huo lazima uishe, na kinachoamua kama mfupa utavunjika ni umbali ambao mwili unapewa ili usimame. Ukiangukia ardhi ngumu ya kiangazi, mwili husimama ndani ya sentimita tano hivi. Ukiangukia rundo la maboksi matupu yaliyopangwa na kufunikwa magodoro, kama wafanyavyo watu wa filamu, maboksi hubonyea moja baada ya jingine na mwili husimama ndani ya mita nzima, na nguvu inayoupiga hupungua takriban mara 20. Kamera haionyeshi maboksi hayo, kwa kuwa mwongozaji huikata picha kabla hayajaonekana, na picha inayofuata humwonyesha stelingi akiinuka na kukung'uta vumbi.

Pia kuna watu. Kwa miaka mingi Jackie Chan amekuwa na kikosi chake cha warukaji, ambao walijaribu miruko ya hatari kabla yake, walipokea mateke yake, na baadhi yao walisimama mahali pake ilipohitajika. Wanaomtukuza Bruce Lee katika ukumbi wangu hushtuka ninapowaambia kwamba samasoti zinazomvutia kila mtu katika Enter the Dragon ya mwaka 1973 zilipigwa na Yuen Wah, mwanafunzi mwingine wa mwalimu Yu, aliyevalishwa nguo kama za Bruce Lee na kupigwa picha ili uso wake usitambulike. Bruce Lee alikuwa mpiganaji, hakuwa mwanasarakasi, na hakuona aibu kumwachia mwenye fani fani yake. Jet Li naye, aliyekuwa bingwa wa China nzima wa wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina, kabla hajaigiza, aliumia mguu wakati wa kutengeneza Once Upon a Time in China ya mwaka 1991, na watu mbadala wakamalizia sehemu za mapigano ambazo mguu wake haukuziweza.

Wanafunzi wabishi hunitajia Tony Jaa, kwamba katika Ong-Bak ya mwaka 2003 hapakuwa na waya wala picha za kompyuta. Ni kweli kabisa, na namheshimu kwa hilo. Lakini Tony Jaa alikuwa mwanafunzi wa Panna Rittikrai, mwalimu wa warukaji nchini Thailand, tangu alipokuwa kijana mdogo. Kukosekana kwa waya hakumaanishi kukosekana kwa mwalimu.

Wapo wanaosema kwamba zile picha za makosa na ajali zinazoonyeshwa mwishoni mwa filamu za Jackie Chan ni ushahidi kuwa hakuna ujanja. Mimi nadhani zinashuhudia jambo jingine. Akitengeneza Armour of God katika iliyokuwa Yugoslavia, aliruka kutoka ukutani kwenda kwenye tawi la mti. Mara ya kwanza alifanikiwa, hakuridhika, akarudia, akaanguka na kupasuka fuvu la kichwa, ikabidi afanyiwe upasuaji wa haraka. Kimo hicho hakikuwa kikubwa kama cha ule mnara. Akitengeneza Rumble in the Bronx alivunjika kifundo cha mguu, na ili kazi iendelee juu ya hogo lake kuliwekwa soksi iliyopakwa rangi ifanane na raba. Huyo ni mtu mwenye madaktari karibu, kikosi kinachomsubiri chini, na maisha yote ya mazoezi. Kijana anayezitazama picha hizo na kuhitimisha kwamba ujasiri unatosha amezisoma kinyume.

Ndiyo sababu mwanafunzi anayekuja kwangu akitaka mateke ya kuruka huanza na miezi mitatu ya kuanguka, na wazazi wanaonilalamikia kwamba mtoto "hajafundishwa kitu" nawakaribisha waje watazame. Tunaanzia kwenye kuchuchumaa: kidevu kinagusa kifua ili kisogo kisipige sakafu, mgongo unakunjwa kama mpini wa kikapu, na mkono wote, kuanzia kiganja hadi kiwiko, unapiga chini kwa pamoja pembeni mwa mwili. Baadaye tunajifunza kuviringika mbele, kutoka bega moja kwa mshazari hadi nyonga ya upande wa pili, ili uti wa mgongo usipokee pigo. Mkono ulionyooka hautangulizwi kamwe kupokea uzito, kwa kuwa hapo ndipo mfupa wa karibu na kifundo cha mkono huvunjika, kama ulivyovunjika ule wa kijana wa Uyole. Mikeka ya kweli ya judo ni ghali, hivyo tumeshona magunia pamoja na kuyajaza maranda kutoka kwa maseremala wa Soweto ya hapa Mbeya, na juu yake tumetandika turubai. Yanafaa kabisa, mradi yaanikwe kila wiki yasishike unyevu. Kwa baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7, iwe hapa au Njombe, hakuna anayeanguka wala kurusha teke kabla ya dakika 20 za kupasha mwili moto. Juu ya hilo sibishani na mtu.

Dhana ya pili kwa madhara ni ya pigo la kisogoni. Katika filamu mlinzi hupigwa kwa ubapa wa kiganja shingoni, analala kimya dakika kumi, kisha anaamka akijipapasa na kuendelea na kazi. Mtu anayepoteza fahamu kwa kupigwa kichwani au shingoni ubongo wake umeumia, na kadiri anavyochelewa kuzinduka ndivyo hatari inavyoongezeka. Nimewahi kuona vijana wakimwagia maji mwenzao aliyezimia na kumrudisha mchezoni, wakicheka. Aliyezimia, hata kwa sekunde chache, haendelei na mazoezi siku hiyo na hupelekwa hospitali. Na akianza kutapika, kulalamika kichwa kinachozidi kuuma, kuongea maneno yasiyoeleweka au kushindwa kuamshwa, hakuna kusubiri asubuhi.

Kuhusu kasi, wengi huamini kwamba waigizaji hawa wana mikono isiyo ya kibinadamu. Filamu huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde; mpiga picha akirekodi picha 20 au 22 tu kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, kila pigo huonekana limeharakishwa, na watengenezaji wa Hong Kong walitumia njia hiyo kwa miaka mingi. Bruce Lee ni mfano wa kinyume, kwani alipoigiza katika tamthilia ya The Green Hornet ya miaka ya 1966 na 1967 aliombwa apunguze kasi ili watazamaji waone alichofanya.

Midomo kutokwendana na sauti hakukusababishwa na tafsiri peke yake. Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa bila kurekodi sauti, na maneno yaliingizwa baadaye studio, hata kwa toleo la lugha yao wenyewe.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwenye mkanda mweusi lazima asajiliwe polisi kama silaha. Hasajiliwi. Sheria yetu ya udhibiti wa silaha inahusu bunduki na risasi, haihusu mikono. Mkanda wenyewe, katika dani ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, maana yake ni kwamba mwanafunzi amemaliza misingi na sasa anaweza kuanza kufundishwa.

Wala Bruce Lee hakuuawa, kama uvumi unavyodai, kwa mguso wa siri wa watawa waliokasirishwa na kufichuliwa kwa sanaa yao. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32, kwa kuvimba ubongo baada ya kumeza kidonge cha kutuliza maumivu, na uchunguzi rasmi uliofanyika huko mwaka huo huo uliamua kwamba kifo chake kilikuwa cha bahati mbaya.

Imebaki dhana ambayo hunisumbua kwa namna nyingine, kwa sababu huletwa na watu wazima wanaojiona wamezishinda filamu hizi: kwamba kwa kuwa hadithi yake ni nyepesi, mwalimu ameuawa na mwanafunzi analipiza kisasi, basi hazina akili ndani yake. Hadithi ni nyepesi, nakubali. Katika filamu hizi hadithi ni uzi, na shanga ni mapigano. Opera ya Peking, iliyowalea wengi wa mabingwa hawa, husimulia visa ambavyo mtazamaji anavijua tayari, na anachokuja kukitazama ni jinsi kitakavyotendwa. Pigano la dakika chache huweza kuchukua wiki kadhaa kupigwa picha, na ukilitazama kwa makini utaona lina mwanzo, lina mgeuko, na lina mahali ambapo dhaifu anagundua udhaifu wa mwenye nguvu. Napenda kuwaonyesha wanafunzi wangu pigano moja bila sauti, nikiwataka waniambie nani anajifunza nini katikati yake. Mara nyingi ni wasichana wanaonijibu kwanza, kwamba yule anayepigwa ameanza kurudi nyuma kwa mguu mwingine.

Kijana wa Uyole alifunguliwa hogo baada ya wiki sita, na daktari alipomruhusu akaja ukumbini na mama yake. Kwa sasa anaanguka nyuma kutoka kwenye kuchuchumaa, mara 50 kila siku ya mazoezi, mkono wake wa kulia ukiwa bado mwembamba kuliko wa kushoto. Mama yake aliniuliza ni lini ataruhusiwa kuruka. Nilimwambia kwamba mwezi ujao, akiwa ameacha kutanguliza kiganja, atasimama wima na kuanguka kutoka hapo.