Je, Wajua Kwa Nini Ziwa Tanganyika Lina Konyeza Ilhali Halikuwahi Kuwa Bahari?

Mtu wa pwani humjua konyeza, hata kama yeye humwita yavuyavu au kiwavi cha bahari: ni yule kiumbe laini mfano wa ute wa yai ambaye mawimbi humtupa ufukweni, na ambaye mwogaji hujifunza kumkwepa baada ya kuwashwa mara moja tu. Kwa kuwa tumezoea kumhusisha na maji ya chumvi, anayezamia kwa mara ya kwanza katika maji maangavu ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma hustaajabu anapojikuta katikati ya visahani vidogo vinavyopenya nuru, kila kimoja kikijikunja na kujikunjua kwa utaratibu, kama vinavyofanya vile vya baharini. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Konyeza huyo alifikaje huko?

Swali hili liliwahi kuwasumbua wanasayansi mashuhuri, na jibu lao la kwanza halikuwa sahihi. Mjerumani Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama aliyesafiri katika nchi za kuzunguka ziwa hilo, alimwona konyeza huyu mwaka 1883. Böhm alifariki mwaka uliofuata akiwa bado safarini, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 1893 ndipo Mwingereza R. T. Günther alipochapisha maelezo ya umbo lake na kuiita jenasi yake Limnocnida. Spishi ya Tanganyika ikajulikana kwa jina la Limnocnida tanganyicae.

Wakati huohuo, wataalamu wa Ulaya walikuwa wakichunguza makombe ya konokono yaliyokusanywa katika ziwa hilohilo, nao waliona kwamba mengi yalikuwa manene, yenye miiba na mapambo, yakifanana mno na makombe ya baharini. J. E. S. Moore, aliyeongoza safari mbili za utafiti kuelekea Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, aliunganisha mambo hayo mawili na kutoa hoja iliyovutia wengi: kwamba Ziwa Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale ya enzi ya Jurasi, kilichokatwa na nchi kavu, na kwamba konyeza na konokono wake ni masalia ya wakazi wa bahari hiyo. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kizima kuitetea.

Hoja hiyo haikudumu, na konyeza mwenyewe alishiriki kuiangusha. Ingekuwa sahihi, konyeza wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, angepatikana Tanganyika peke yake. Badala yake, ndugu zake walianza kuonekana kila upande: katika mto Niger, katika Ziwa Victoria ambako spishi yake ilipewa jina mwaka 1907, katika mito ya eneo la Zambezi, na hata nchini India. Haiwezekani maji yote hayo yawe vipande vya bahari moja iliyosahauliwa. Jiolojia nayo ilionyesha kwamba ziwa limo ndani ya Bonde la Ufa, kwamba lilianza kujitunga pale ardhi ilipopasuka na kudidimia, na kwamba umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12, ilhali enzi ya Jurasi ilimalizika zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Kuhusu konokono, maelezo yanayokubalika leo ni kwamba unene wa makombe yao ni kinga dhidi ya kaa wa ziwani, wenye magando yenye nguvu za kuyavunja. Kufanana kwao na wa baharini kumetokana na kukabiliwa na adui wa aina moja, wala si undugu. Binafsi namwonea Moore huruma kidogo, kwa sababu ushahidi aliokuwa nao mkononi ulielekea kweli upande aliouchukua.

Ikiwa basi bahari haikumleta konyeza huyu, swali hugeuka: ni kitu gani katika maumbile yake kinachomwezesha kuishi mahali ambapo karibu konyeza wote wengine wangekufa?

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Ya Tanganyika, ingawa yana madini mengi kuliko maziwa mengi, hayafikii hata gramu moja. Mwili wa konyeza, ambao zaidi ya asilimia 95 yake ni maji, una ngozi nyembamba sana, wala hauna figo wala magamba. Konyeza wa kawaida wa Bahari ya Hindi akitiwa ziwani, maji huanza kupenya ndani ya seli zake, chumvi zake hutoka nje, naye huvimba na kufa. Ili kuishi ziwani, kiumbe wa namna hii hana budi kutumia nguvu wakati wote kuondoa maji yanayoingia na kushikilia chumvi chache alizo nazo, na wachache sana katika ukoo mzima wa konyeza wamelimudu jambo hilo. Ulinganisho wa vinasaba unaonyesha kwamba Limnocnida ana undugu wa karibu na Craspedacusta, konyeza mwingine wa maji baridi mwenye asili ya China, na kwamba jamaa zao wengine wangali baharini. Wahenga wao waliwahi kuishi katika chumvi, kama ilivyo kwa konyeza wote, ila kuhamia kwao kwenye maji baridi ni jambo la ukoo mzima na si la ziwa moja.

Hapa inafaa kusema kwamba huyu si wa kundi lile la konyeza wakubwa wanaojulikana sana. Ni wa kundi la haidrozoa, ambao huwa wadogo na wenye utando mwembamba unaozunguka ukingo wa mwavuli, yaani ule mwili wao mfano wa kisahani, kwa ndani, ambao hubana mkondo wa maji wakati mnyama anapojisukuma. Mwavuli wake ni bapa, na upana wake ni kama sentimita 2 tu, sawa na sarafu. Ukingoni hutoka minyiri mingi myembamba, ambayo kwa mkubwa wake inaweza kufikia mamia. Katikati, upande wa chini, kuna kinywa kipana kupita kiasi, chenye ukuta mfupi unaoning'inia kama pindo la kanzu. Ukuta huo ni wa kushangaza, kwa kuwa ndio mlango wa chakula, ndipo zinapokaa ogani za uzazi, na ndipo pia yanapoota machipukizi ambayo nitayaeleza hivi punde.

Maisha ya konyeza karibu wote yana sura mbili, na anayeiona moja tu hajamjua mnyama. Sura tunayoiona ikielea huitwa medusa. Medusa wa Tanganyika wana madume na majike. Mbegu na mayai hutolewa majini, na yai likirutubishwa hutoka lava, yaani kiumbe mchanga kabisa, mwenye vinyweleo vinavyomwezesha kuogelea. Lava huyo hatafuti kuelea siku zote: hushuka, hujishikiza juu ya kitu kigumu, na hapo hugeuka kuwa polipu, sura ya pili. Polipu wa ukoo huu ni wadogo mno, na tofauti na polipu wengi wa baharini, hawana minyiri, wakaonekana kama vijiti vifupi vilivyosimama juu ya jiwe. Mtu anaweza kukanyaga maelfu yao bila kujua. Mtaalamu wa Ubelgiji Jean Bouillon, aliyechapisha mwaka 1957 uchunguzi mpana wa jenasi hii, ni miongoni mwa waliofanya kazi ya subira ya kuieleza sura hiyo iliyofichika.

Polipu hahitaji mwenzi ili aongezeke. Huweza kuchipua polipu mwingine, na wakati mazingira yanaporuhusu, huchipua medusa mchanga, ambaye hujinasua na kwenda zake akiwa na minyiri michache tu, kisha huongeza mingine kadiri anavyokua. Kwa spishi nyingi mambo huishia hapo: polipu huzaa medusa kwa kuchipua, medusa huzaa kwa mayai. Limnocnida ana njia ya tatu. Katika ule ukuta wa kinywa, medusa aliyekomaa huweza kuotesha machipukizi ambayo hukua yakawa medusa kamili na kuachana na mzazi, pasipo yai, pasipo mbegu, na pasipo kurudi kwanza kwenye mwamba. Faida yake ni dhahiri katika ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Medusa aliyechukuliwa na upepo hadi katikati ya ziwa, mbali na jiwe lolote ambalo lava wake angeweza kujishikiza, bado anaweza kuendeleza kizazi chake akiwa hukohuko.

Polipu ndiye pia anayetupa fununu ya namna ukoo huu unavyosafiri kutoka maji haya hadi yale. Mwaka 1880 konyeza wadogo walionekana ghafla katika bwawa la mayungiyungi ndani ya bustani ya mimea ya Regent's Park, London, mahali ambapo hakuna aliyewapeleka kwa makusudi. Walikuwa Craspedacusta, na maelezo yanayokubalika ni kwamba waliingia pamoja na mimea ya maji wakiwa katika sura ya polipu. Polipu wa Craspedacusta akipatwa na baridi au ukosefu wa chakula hujikunja akawa kidonge kigumu, husubiri, kisha huamka hali inapokuwa njema. Ndivyo alivyoenea karibu mabara yote. Mara nyingi katika ziwa moja la ugenini hupatikana madume watupu au majike watupu, dalili kwamba wote wametokana na polipu mmoja.

Lipo jambo jingine ambalo lingemfurahisha Böhm. Maji ya juu ya Tanganyika ni maangavu kwa sababu yana virutubishi vichache. Vingi vimezama vilindini, ambako hakuna oksijeni na ambako konyeza hawezi kuishi. Katika hali hiyo ya uhaba, konyeza huyu hula krasteshia (wanyama wa jamii ya kaa na kamba) wadogo wanaoelea, walewale wanaoliwa na dagaa ambao wavuvi wa Kigoma huwavua usiku kwa taa, na ambao Warundi huwaita ndagala. Lakini hategemei mawindo peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulieleza kwamba ndani ya mwili wake mna bakteria wadogo sana wa kijani-buluu, wa jenasi ya Cyanobium, wanaofanya usanisinuru kama mimea. Mabaki ya chakula cha konyeza, ambayo yangepotea majini, huwa mbolea yao, nao hustawi ndani ya mwili unaopitisha nuru. Watafiti hao walimfananisha na dunia ndogo inayojitegemea nusu. Kwa lugha ya mkulima, anatembea na bustani yake na samadi yake.

Mwogaji hana la kuogopa kwake. Minyiri yake ina seli zenye sumu kama za konyeza wote, na krasteshia anayeigusa hupooza, lakini vijishale vyake ni vidogo mno kuisumbua ngozi ya binadamu, hivyo watu huogelea katikati ya kundi lake wakatoka bila hata kujikuna. Akitolewa majini, umbo lake hupotea mara moja na hubaki kiganjani tone la ute. Mwenye kutaka kuuona mwavuli, kinywa na machipukizi yake sharti amchote pamoja na maji katika chombo cha kioo, akiinue kuelekea jua.