Mshumaa wa Canterbury hauonyeshi alipouawa Becket

Wengi wakiona picha ya mshumaa unaowaka peke yake sakafuni, katika Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza, hudhani hapo ndipo Askofu Mkuu Thomas Becket alipouawa. Sivyo. Wapiganaji wanne wa Mfalme Henry II walimkatakata kwa panga tarehe 29 Desemba 1170 kwenye ubavu wa kaskazini-magharibi wa kanisa hilo, mbali kidogo na mshumaa.

Alizikwa kwanza chini ya kanisa, akatangazwa mtakatifu mwaka 1173. Mwaka 1220 mifupa yake ilipandishwa juu, nyuma ya altare kuu, ndani ya kaburi lililopambwa kwa dhahabu na vito. Huko ndiko mahujaji walikomiminika, wagonjwa kwa wazima, wakirudi makwao na vichupa vya madini vyenye maji yaliyosemekana kuchanganywa na damu yake. Mwaka 1538 Henry VIII aliamuru kaburi livunjwe. Mshumaa unawaka pale liliposimama. Mimi ushahidi unaonigusa zaidi ni ngazi za mawe za kupandia huko: zimelika katikati, zikabonyea kama kinu, kwa miguu na magoti ya watu wa karne tatu na zaidi.