Kukoroma, pumzi kukatika usingizini na kichwa kinachosahau: maswali mnayoniuliza na majibu

Tangu ami yangu agundulike na hii shida nimekuwa naulizwa kila kukicha, kwenye simu, kwenye vikao vya ndugu, mpaka dukani, kwaiyo nimeona niyajibu yote sehemu moja. Mimi sio daktari. Ni mtu niliyemuuguza mzee wangu, nikasoma sana na kuwabana madaktari kwa maswali mpaka nikaelewa.

Hii apnia ya usingizini ndo nini, si kukoroma tu kama watu wengine?

Hapana. Kukoroma ni sauti, njia ya hewa imebana na nyama laini za kooni zinatikisika. Apnia ni pale njia inapoziba kabisa, ulimi umerudi nyuma, koo limejifunga, kifua kinahangaika kuvuta lakini hewa haipiti, na ikifika sekunde 10 ndo wanaanza kuihesabu.

Mimi niliijulia msibani. Wanaume tumelala sebuleni kwenye mikeka, ami anakoroma mpaka glasi kabatini zinalia, alafu ghafla kimya. Nikasema afadhali. Nikageuka nikamwangalia, tumbo linapanda na kushuka lakini puani na mdomoni hakuna kitu kinachotoka, nikawasha simu nikaanza kuhesabu, 10, 15, 23, kwenye 31 ndo akashtuka na mkoromo mmoja mkubwa kama mtu aliyekuwa anazama akaibuka, akageukia ubavu, akaendelea. Hata macho hakufumbua. Asubuhi namuuliza umelalaje ananiambia nimelala kama gogo. Wengi tunaogopa zile kelele, kumbe wa kuogopa ni ule ukimya.

Kwenye kipimo cha usingizi wanahesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana: kuanzia 5 ni hali ndogo, kuanzia 15 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Ami alikutwa na 47.

Sasa koo ndo limeziba, ubongo unaingiaje hapo?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, kwaiyo hewa ikikatika wa kwanza kulalamika ni yeye. Anaumizwa kwa njia mbili na zote zinatokea usiku huohuo.

Ya kwanza ni oksijeni kupanda na kushuka. Kile kidude cha kubana kidoleni tulichokizoea kipindi cha korona, ami akikivaa akiwa macho inasoma 97, akilala nimeiona inashuka mpaka 79 alafu inarudi alafu inashuka tena, usiku kucha hivyo. Huko kupanda na kushuka kunachubua mishipa midogo ya damu, kunaleta uvimbe wa ndani kwa ndani na kuchosha seli za ubongo. Sehemu inayoumia mapema ni hipokampasi, kipande kidogo ndani ya ubongo chenye umbo kama la farasi wa baharini, na hiyo ndo inayotunza kumbukumbu mpya. Nyingine ni ile ya mbele nyuma ya paji la uso, ya kupanga mambo, kuamua na kujizuia hasira.

Ya pili ni usingizi kukatwakatwa. Kila pumzi ikikatika ubongo unapiga kengele, presha inaruka, moyo unaenda mbio, misuli ya koo inaamshwa, unavuta hewa, unalala tena bila kujua. Ukirudiwa na hilo mara 47 kwa saa hufiki kwenye usingizi mzito, na ule wa ndoto ndo unavurugika zaidi sababu misuli inalegea mno. Na usingizi huo ndo ubongo unautumia kupanga ulichojifunza mchana. Mtu analala masaa nane kitandani lakini ni ya mang'amung'amu, anaamka mdomo mkavu, kichwa kinagonga, hajalala huyo.

Dalili zake kichwani zinaonekanaje? Mume wangu anasahau kila kitu, mkali, tunagombana.

Pole sana dada. Ndo zenyewe mara nyingi. Mtu anaingia chumbani anasahau amefuata nini, anasoma ukurasa huohuo mara tatu, anarudia swali alilojibiwa saa moja iliyopita, anasinzia kikaoni, kazi ya kuhesabu pesa iliyokuwa inamchukua dakika kumi sasa inamchukua nusu saa na bado anakosea. Hasira za ghafla, kukata tamaa, wengine mpaka sonona. Ami alikuwa anajua namba za simu za ndugu wote kwa kichwa, siku moja akashindwa kuitaja ya mke wake, akakaa kimya anaitazama simu, machozi yanamlenga. Sisi tulikuwa tunasema mzee amekuwa mvivu, amekuwa na maneno, na hilo mpaka leo linaniuma.

Cha kufanya usiku wa leo: akianza kukoroma mrekodi kwa simu, dakika kumi tu, hakikisha ule ukimya na mshtuko vimo. Daktari akisikia hiyo humwelezi kwa maneno mengi. Anayelala na mgonjwa ndo shahidi, mgonjwa mwenyewe hajui kitu.

Ni kweli inaleta ule ugonjwa wa wazee wa kupoteza kumbukumbu kabisa?

Inaongeza hatari, hiyo ndo lugha sahihi, sio kwamba kila mwenye apnia ataupata. Kuna utafiti wa Marekani wa 2011, waliwapima usingizi kina mama 298 wenye wastani wa miaka 82, wote wakiwa bado na akili timamu, wakawafuatilia karibu miaka mitano. Waliokuwa na shida ya pumzi usiku, karibu 45 kwa kila 100 walipata upungufu wa akili, mdogo au mkubwa. Ambao hawakuwa nayo, 31 kwa kila 100. Na kilichoonekana kuhusika zaidi ni upungufu wa oksijeni, kuliko uchache wa masaa ya kulala. Alafu apnia inaenda pamoja na presha na inaongeza hatari ya kiharusi, na kiharusi kila mtu anajua kinavyouharibu ubongo.

Mimi huwa naamka nakabwa, nyumbani wanasema jinamizi au nimetupiwa kitu.

Angalia tofauti. Ukiwa macho, unaona chumba, ila mwili haunyanyuki na unahisi kitu kifuani, hiyo mara nyingi ni mwili kuchelewa kuamka baada ya ubongo kuamka, inapita yenyewe. Ukiruka kitandani unahema kama umekimbia, koo linawaka na aliye pembeni anasema ulikuwa unakoroma ukanyamaza, hapo tafuta kipimo. Dua piga, hakuna anayekukataza, ila na hospitali nenda.

Mimi mwembamba, hainihusu si ndio?

Unene unachangia kweli, hasa shingo nene, lakini mtu mwembamba mwenye taya dogo au mafindofindo makubwa anaipata vizuri tu. Kina mama baada ya kukoma hedhi pia, na kwao mara nyingi haiji na mkoromo mkubwa, inakuja kama uchovu, kichwa kuuma asubuhi na usingizi kukatika, ndo maana inapitwa.

Na watoto?

Hapa naomba wazazi mtulie msome. Mtoto hasinzii kama mtu mzima, yeye anakuwa hatulii, mtundu, hasikilizi darasani, anachapwa. Ukimchungulia usiku analala mdomo wazi, shingo ameikunja nyuma, anakoroma, anatoka jasho, pengine na kikojozi. Kwa watoto kisababishi kikubwa ni nyama za puani na mafindofindo, na operesheni ya kuvitoa inasaidia wengi. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla hujamhukumu kwamba kichwa chake kizito.

Inatibika? Na akili inarudi?

Inatibika. Kwa hali ya kati na kali tiba kuu ni mashine ya CPAP, barakoa inayopuliza hewa puani ili koo lisijifunge. Aliyeianzisha ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, 1981, alichukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi akaigeuza ipulize. Ya sasa haina kelele, ila bei imechangamka na inataka umeme, kwaiyo penye mgao fikirieni betri mapema. Usiku wa kwanza ami aliivua mara nne, wiki ya pili akazoea. Kuna pia kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele, kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali. Pombe usiku acha, na dawa za usingizi usijinunulie, zinalegeza koo na kuzuia ubongo kushtuka.

Kuhusu akili, watafiti wa Italia mwaka 2011 waliwapima wagonjwa 17 wa hali kali, na baada ya miezi 3 ya kutumia mashine vizuri kumbukumbu na umakini ulipanda na baadhi ya sehemu za ubongo zilizopungua, hipokampasi ikiwemo, zikaonekana kujaa tena. Siwadanganyi, hairudi yote kwa kila mtu, na aliyechelewa miaka mingi anaweza kubaki na upungufu. Usingizi wa mchana ndo unaondoka kwanza, kumbukumbu inakuja polepole.

Mimi dereva, nasubiri tarehe ya kipimo mwezi ujao. Naendelea na kazi?

Kaka, kama unasinzia ukisimama kwenye taa, hapana. Ubongo uliokosa usingizi unazima kwa sekunde tatu nne macho yakiwa wazi, na kwa mwendo wa 80 kwa saa sekunde nne ni karibu mita 90, umevuka watu bila kuwaona. Ongea na bosi upewe kazi isiyo ya kuendesha, au mwachie mwenzako usukani mpaka uanze tiba na usingizi wa mchana uishe. Na hiyo tarehe piga simu uwaambie unaendesha watu, waombe wakupe tarehe ya karibu zaidi.