Simu imeunganishwa, muziki hautoki: Bluetooth ya gari inavyofanya kazi

Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa kesi ya "Bluetooth imekufa" hayana kitu kilichokufa. Mwenye gari ananionyesha kwenye simu yake jina la redio, chini yake limeandikwa "Imeunganishwa", kisha anapandisha sauti hadi mwisho na spika ziko kimya. Mara nyingi ameshaambiwa na fundi mwingine abadilishe redio, na bei za Kariakoo ameshaulizia. Mimi humuuliza swali moja tu: bosi, nikikupigia sasa hivi sauti yangu itatokea wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu simu na redio haziunganiki kwa jambo moja. Kuna kazi kadhaa, kila moja na mapatano yake, na neno "Imeunganishwa" hutokea hata zikikubaliana kazi moja tu. Kupiga na kupokea simu ni HFP. Kupitisha muziki ni A2DP. Kuruka wimbo kwa kitufe cha redio au cha usukani ni AVRCP. Kunakili majina yaliyo kwenye simu yako kwenda kwenye gari ni PBAP. Herufi hizi huandikwa kwenye boksi la redio au kwenye kijitabu chake, na ukizijua muuzaji hakubabaishi.

Sasa tazama magari yetu. Mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na redio zake zilitengenezwa kwa soko la kule. Kwenye magari ya miaka ya 2000 utakuta redio zenye HFP peke yake, maana lengo lilikuwa dereva aongee bila kushika simu; muziki ulitarajiwa utoke kwenye CD au MiniDisc. Redio ya namna hiyo ukipigiwa itakusikilizisha vizuri kabisa, lakini wimbo hautatoka hata ukeshe nayo. Hakuna mpangilio wa kuiongezea A2DP.

Kama gari ni la karibuni, usitoe hela kwanza. Kwenye simu ya Android ingia sehemu ya Bluetooth, gusa alama iliyo pembeni ya jina la redio, utaona vitufe vya simu, sauti ya muziki na majina, kila kimoja peke yake. Cha muziki kikiwa kimezimwa, kiwashe, umemaliza. Wengine tatizo liko upande wa redio: nyingi hukumbuka simu chache tu, aghalabu tano, na nafasi zikijaa hukataa simu mpya bila maelezo ya maana. Futa simu za zamani, kisha uoanishe upya, yaani simu na redio zitambulishane tena. Namba ya siri ikiulizwa, jaribu 0000 au 1234.

Redio ikiwa haina A2DP kabisa, watu hukimbilia transmita, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kinapokea muziki wa simu kwa Bluetooth, kisha kinaurusha upya kwa FM, na redio inaunasa kama stesheni nyingine yoyote. Mimi sikidharau. Tatizo ni hesabu ambayo hakuna anayekufanyia dukani. FM ya Japani ilianzia MHz 76 na kwa miaka mingi iliishia 90. Ya kwetu ni 87.5 hadi 108, na transmita nyingi nazo zinaanzia 87.5. Kwa hiyo kwenye redio ya Japani ambayo haijaguswa, viwili hivi vinakutana kati ya 87.5 na 90 basi. Kipande hicho hapa Dar kina stesheni zenye mitambo mikubwa, na kidude chako kina nguvu ya mita chache. Toka Mbagala uende Tegeta, usishangae wimbo ukigombana na mtangazaji njia nzima.

Halafu kuna magari yaliyofungwa ekspanda kwenye waya wa antena ili yapate stesheni zetu zote. Ekspanda inashusha kila masafa yanayoingia kwa kiasi kilekile. Viwango vinatofautiana, lakini tuseme yako inashusha MHz 12: stesheni ya 100 utaiona kwenye kioo ikisomeka 88. Basi ukiweka transmita kwenye 95, redio iweke 83. Watu wanaweka namba moja pande zote mbili, wanasikia mkwaruzo, wanarudisha kidude dukani kwa ugomvi.

Dereva mmoja wa teksi ya mtandaoni aliniuliza inakuwaje pale Ubungo kwenye foleni, kila gari lina simu na redio zinaongea, lakini muziki wa jirani hauingii kwake. Swali zuri. Bluetooth hutumia masafa ya GHz 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi. Ile ya kawaida ya muziki na simu imegawa masafa hayo katika njia 79, na simu yako na redio yako huruka kutoka njia moja kwenda nyingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio unaojulikana na hizo mbili tu. Wakigongana na jirani, kinapotea kipande kidogo mno, na hutumwa tena.

Kinachosumbua zaidi kuliko jirani ni simu mbili za nyumba moja. Mume na mke wote wameoanisha simu na gari, na redio ikiwashwa inamtafuta aliyeunganishwa mwisho. Gari linanguruma uani, shemeji yuko sebuleni anapokea simu ya mama yake, anasema "haloo, haloo" hasikii kitu, huku mama anasikika kwenye spika za gari na kijana anayeliosha. Ukuta mmoja hauzuii. Bluetooth ya simu nyingi hufika kama mita 10. Dawa ni kuzima kile kitufe cha simu kilicho sehemu ya Bluetooth, kwenye simu isiyo ya dereva, muziki ukauacha.

Kuhusu sauti: unayeongea naye akilalamika kwamba anajisikia mwenyewe, ubovu uko kwenye gari lako, si kwenye simu yake. Kipaza sauti cha redio kinanasa spika zako na kumrudishia. Redio nyingi za Android za kisasa huja na kipaza sauti kidogo kilichojificha usoni mwa redio na kingine cha waya ndani ya boksi. Mafundi wenye haraka hawakifungi hiki cha pili. Dai kifungwe juu ya usukani au kwenye nguzo ya kioo, mbali na upepo wa AC.

CarPlay na Android Auto zisizo na waya, yaani mifumo inayoleta programu za simu kwenye kioo cha redio, ni mambo mengine. Hapo Bluetooth inatambulisha kwanza, kisha kazi kubwa inahamia kwenye Wi-Fi, mara nyingi ya GHz 5. Simu isiyo na GHz 5 itakwama hapo hata redio iwe ya bei gani. Na kwa wanaouliza kila siku: hapana, Bluetooth haili bando, wala Wi-Fi hiyo ya kati ya simu na redio. Kinachokula bando ni ramani na nyimbo unazovuta mtandaoni. Kinachochoka ni betri, na simu ikiwa juu ya dashibodi jua la saa saba, itapata moto hadi ijizime.

La mwisho ni PBAP, na hili ndilo linalonikera. Watu wanaruhusu majina yanakiliwe, miaka miwili baadaye wanauza gari na kitabu chote cha simu kimo ndani. Nimekuta redio zilizotoka Japani zikiwa bado na majina ya mwenyewe wa kwanza kwa maandishi yao. Ukikodi gari, kataa ombi la majina. Kuongea na muziki vitaendelea bila hilo. Ukiuza, futa simu yako ndani ya redio, kwa sababu kuifuta kwenye simu peke yake kunaweza kuacha majina kule. Menyu ikiwa ya Kijapani, tumia programu ya kutafsiri kwa kamera. Usidanganywe kuchomoa betri ili kumbukumbu zifutike. Mara nyingi majina hubaki palepale, na redio za Toyota zenye ramani zinaweza kujifunga baada ya hapo, zikadai namba ya kufungulia au kadi ya SD ya ramani ambayo haikuja na gari.