Wanawake wa Uingereza na uchoraji wa mandhari katika karne ya 19: dhana potofu na ukweli

Wengi huamini kwamba binti wa Uingereza aliyefundishwa kuchora milima na mito alikuwa akipitisha wakati tu huku akisubiri posa. Ni kweli kwamba familia zenye uwezo ziliuhesabu uchoraji, pamoja na piano na Kifaransa, kuwa pambo la mwari, lakini mafunzo yenyewe hayakuwa mchezo. David Cox, mmoja wa mabingwa wa rangi za maji, alihamia Hereford mwaka 1814 kufundisha katika shule ya wasichana. Mwanafunzi wa rangi hizo aliilowesha karatasi, akaigandisha kingo zake kwenye ubao, akangoja ikauke na kukazana kama ngozi ya ngoma. Kisha akauinamisha ubao na kuiteremsha rangi ya anga kwa brashi iliyojaa maji, kwani akisita kidogo tu, ukingo hukauka na kuacha mstari usiofutika. Mkono wa namna hiyo haupatikani bila miaka ya mazoezi.

Dhana nyingine, ambayo naiona mbaya zaidi, ni kwamba wanawake waliipenda mandhari kwa sababu ya upole wa maumbile yao. Ukweli ni kwamba milango mingine ilifungwa. Royal Academy ya London, taasisi ya kifalme ya sanaa, ilianzishwa mwaka 1768, wanawake wawili wakiwa miongoni mwa waasisi wake, lakini shule zake hazikupokea mwanafunzi wa kike hadi mwaka 1860, Laura Herford alipokubaliwa baada ya kuwasilisha michoro yenye herufi za kwanza tu za majina yake, zisizoonyesha kuwa ni mwanamke. Hata hapo wanawake walizuiwa kuchora mwili wa binadamu ulio uchi, na asiyejifunza mwili hakuweza kuchora picha kubwa za historia zilizopewa heshima ya juu kabisa. Kilima hakikudai kibali cha mtu.

Wala si kweli kwamba kazi zao zote ziliishia ndani ya madaftari ya nyumbani. Barbara Bodichon, aliyekuwa miongoni mwa waliodai mwaka 1859 shule za Royal Academy zifunguliwe kwa wanawake, alionyesha na kuuza picha zake za mandhari, zikiwemo za Algeria. Marianne North alizunguka dunia akichora mimea na mandhari kwa rangi za mafuta, akagharimia jengo katika bustani ya mimea ya Kew, London, lililofunguliwa mwaka 1882, ambako picha zake zaidi ya 800 zingali zimebanana ukutani, fremu kwa fremu.