Airisi haigeuki zambarau, jamani

Nimeulizwa tena wiki hii kuhusu maua haya ya airisi. Dada mmoja kanitumia picha, airisi za njano alizoachiwa na mama mkwe wake "zimegeuka zambarau", eti airisi za zamani zikizeeka ndo zinavyofanya. Hapana, hazifanyi hivyo!

Airisi ya ndevu, hii yenye nywele kama ndevu kwenye petali zake, haibadilishwi rangi na uzee wala udongo, hiyo sio haidrenjia, ua ambalo rangi yake hufuata udongo. Kila tunguu (lile shina nene la chini) unalogawa ni kipande cha mmea uleule. Airisi yangu iitwayo Mme. Chereau, nyeupe yenye ukingo wa bluu, ni mwili uleule alioutoa mkuza maua Lémon kule Ufaransa mwaka 1844, hamna mbegu iliyopita hapo katikati.

Kinachotokea ni kwamba pale palikuwa na aina mbili. Zambarau ina nguvu, inatambaa mpaka inamlalia mwenzake, ya njano inakosa jua, inaacha kwanza kutoa maua, majani yanabaki na yanafanana kwahiyo hushtuki, miaka minne mitano inapita unaona zambarau tupu. Au uliacha vifuko vya mbegu vikakauka kwenye bua, mbegu zikadondoka palepale, na nyuki alishachanganya chavua zamani, mtoto wa mbegu hafanani na mama yake. Mimi bua nalikata maua yakiisha tu.

Kinachoniuma ni kwamba ukishaamini "imegeuka" hutafuti tena, wakati ya njano mara nyingi bado iko hai hapo chini, imebanwa. Huku Marekani fukua Julai au Agosti, tenganisha, panda kila kipande peke yake, mgongo wa tunguu uone jua, usifunike na matandazo itaoza. Usitupe hata kile chembamba. Subiri ua, mwaka au miwili.

Ila kuna aina inaitwa Honorabile, ya Lémon pia, 1840. Hiyo kweli hutoa chipukizi lenye rangi tofauti kwenye shada lake lenyewe, aina ya Kaleidoscope ya 1929 ilipatikana hivyo. Kwahiyo nikisema "haibadiliki" najua nimekaza kidogo, lakini hapo ni chipukizi moja limechepuka, sio bustani nzima kugeuka zambarau kwa pamoja.

Na majina ya aina hizi yananinyima raha. Chama cha kuhifadhi airisi za kihistoria huku kinaihesabu airisi kuwa ya kihistoria kuanzia miaka 30, na nyingi za umri huo zilishapoteza vibao. Nina ya njano hafifu niliyopewa kutoka shamba la zamani, nadhani ni aina ya kale iitwayo Flavescens, mwaka wa saba huu naikagua kila ikichanua na kibao bado kinasema "huenda". Kitabaki hivyo, maana jina la kubahatisha likishaandikwa watu wanaligawa pamoja na tunguu, na aina mbili zinaanza kuitwa kitu kimoja.

Dada nimemwambia afukue Julai. Akipata hata kipande kimoja chenye uhai akikuze, kikizaa ampe jirani nusu kabla ya baridi.