Cheti cha daktari kwa zamu ya saa 4 tu

Kazi yangu ni kupitia sera za ajira, na kipengele kinachoniudhi kuliko vyote huwa kifupi: "Atakayekosa kazini kwa ugonjwa sharti alete cheti cha daktari." Hakisemi kuanzia siku ya ngapi, wala hakitofautishi mtu wa saa 40 kwa wiki na wa saa 12.

Chukua mfanyakazi wa zamu ya saa 4 aliyeamka anaharisha. Anachohitaji ni maji na kulala. Sera inamtaka akapange foleni na kulipia kumwona daktari, malipo ambayo huweza kumeza ujira wote wa zamu. Akipiga hesabu hiyo, atakuja kazini hivyo hivyo, na kama kazi yenyewe ni ya jikoni au ya kuhudumia wazee, ugonjwa umepata njia. Daktari naye, akiletewa tumbo lililokwisha kutulia, ataandika nini zaidi ya maelezo ya mgonjwa?

Uingereza mfanyakazi hujithibitishia mwenyewe siku 7 za mwanzo. Ujerumani cheti hudaiwa ugonjwa ukizidi siku 3, ingawa mwajiri anaruhusiwa kukitaka mapema. Mimi huwashauri waajiri waanzie siku ya nne ya kuugua mfululizo. Tena wasidhani tu: aliyekosa zamu ya Jumatatu na ya Alhamisi huenda aliugua mara mbili tofauti. Aulizwe.

Lakini panapowaumiza watu wengi bila wenyewe kujua ni kwenye hesabu ya siku. Tuseme mfanyakazi wa saa 8 kwa siku ana siku 10 za ugonjwa zenye malipo kwa mwaka, yaani saa 80. Mwenzake anafanya siku zile zile tano za wiki, ila saa 4 kila siku. Mwajiri anasema, "Huyu ni nusu, apewe siku 5." Siku 5 za saa 4 ni saa 20, robo ya saa 80! Amekatwa mara mbili. Haki yake ni saa 40, nazo ni zamu 10 kamili. Ndiyo maana nasisitiza likizo ya ugonjwa iandikwe kwa saa. Mkataba Na. 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1994, unataka wafanyakazi wa muda usio kamili, kama huyu wa saa 4 kwa siku, wapate likizo ya ugonjwa kwa masharti yanayolingana na ya wenzao wa muda kamili. Malipo ndiyo yanayoweza kufuata uwiano wa saa au wa mapato.

Kuhusu cheti chenyewe, kinatosha kikionyesha tarehe, sahihi ya daktari na muda ambao mtu hawezi kufanya kazi. Jina la ugonjwa halimhusu meneja wa zamu, na ukiulizwa una haki ya kujibu kwa upole kwamba hilo ni la daktari wako. Taarifa ya kuugua itume kwa maandishi kabla zamu haijaanza, kisha usiufute ujumbe huo: mzozo ukizuka, swali la kwanza huwa ulitoa taarifa saa ngapi.